Daftari la Naibu: Kisa cha Shule Moja ya Nairobi Iliyokuwa Ikipoteza Walimu

Shule hii ni ya umma, iko mashariki mwa Nairobi. Sitaitaja, wala zoni yake, wala mtu yeyote aliyehusika. Mambo machache nimeyageuza makusudi ili asitambulike mtoto, mzazi wala mwalimu. Mimi nimefundisha eneo hilo kwa miaka mingi, na wakati wa kisa hiki walimu wenzangu waliniomba niketi nao vikaoni, nisikilize na kuandika. Wamesoma andiko hili na kuridhia litoke.

Naliandika kwa sababu nimechoka kusikia kwamba walimu wa Nairobi huhama kwa ajili ya mshahara na nauli tu, eti basi shule haina la kufanya. Mshahara ni kweli na nauli ni kweli. Ila katika shule hii niliona jambo jingine kwa macho yangu.

Shule na mtaa wake

Uwanja wa shule umepakana na soko upande mmoja na mto upande wa pili. Watoto wengi hutoka vibanda vya mabati vya ng'ambo ya mto, wengine kwenye ploti za nyumba za kupanga zenye choo kimoja kwa kila orofa. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, madarasa ya hapa hayajawahi kuwa na nafasi. Gredi ya 3 ilikuwa na wanafunzi 84 na mwalimu mmoja. Mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi, na takriban 15,000 kwa wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Mtu yeyote aliyewahi kununua katoni ya chaki na kulipa bili ya maji anajua shilingi 1,420 hufika wapi.

Mwaka 2023 sekondari msingi iliingia ndani ya uwanja huohuo, na chumba cha walimu kikawa na watu wa aina nne. Kulikuwa na walimu wa msingi walioajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Kulikuwa na walimu wa sekondari msingi wenye digrii, nao pia wa TSC. Kulikuwa na wanagenzi wa mkataba, ambao malipo yao ya mwezi yalikuwa takriban shilingi 17,000. Na kulikuwa na walimu wa BOM, wanaolipwa na bodi ya shule kadiri fedha zinavyopatikana. Wote wanafundisha watoto walewale. Chai wanakunywa kwenye meza tofauti.

Ni vyema msomaji aelewe nani ana uwezo wa kufanya nini, maana hapo ndipo mijadala mingi ya aina hii hupotelea. TSC ndiyo inayoajiri, kulipa na kuhamisha. Wizara inashughulikia mtaala na fedha za mgao. Kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, imekabidhiwa chekechea na vyuo vya ufundi. Mwalimu mkuu hawezi kumwongezea mtu senti moja, na mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo hawezi kuunda nafasi ya kazi. Wanachoweza kupanga ni ratiba, zamu, ofisi, mikutano, na mabadilishano ya walimu kati ya shule zilizo chini ya kaunti ndogo hiyo. Ni uwezo mdogo, lakini upo.

Muhula wa pili, 2024

Mafuriko ya Aprili mwaka huo kila mkazi wa Nairobi anayakumbuka. Shule zilitarajiwa kufunguliwa Aprili 29, zikaahirishwa mara mbili, zikafunguliwa Mei 13. Katika siku hizo serikali iliamuru watu wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakafuata. Watoto wetu wengi walikuwa wakiishi ndani ya mita hizo.

Siku ya kwanza ya muhula mwalimu wa Gredi ya 3 aliita rejista. Katika majina 84, waliojibu ni 51. Wengine walikuwa kwa shangazi mtaani Kayole, wengine wamepelekwa ushago, wengine walikuwa wamelala kanisani na wangekuja siku watakapopata sare. Kwa wiki tatu rejista ilikuwa kama mlango wa kibanda usio na komeo: anaingia huyu, anatoka yule. Waliokuja walikuja bila daftari, bila viatu, na baadhi bila usingizi.

Wiki hiyohiyo ya kwanza wanagenzi wa sekondari msingi nchini waligoma wakidai ajira ya kudumu. Hapa shuleni, Gredi ya 7 na ya 8 zikabaki mikononi mwa walimu wawili. Walimu wa msingi wakaombwa wawaangalie watoto hao, na wakaitikia, ila shingo upande.

Kufikia katikati ya Juni walimu watano walikuwa wameomba uhamisho. Mwalimu mkuu aliwaita mmoja mmoja. Wote walitaja umbali, kwa kuwa fomu ya uhamisho inahitaji sababu na umbali ni sababu isiyomuudhi mtu. Mmoja wao kweli alikuwa akiondoka nyumbani Kitengela, nje ya Nairobi, saa kumi na robo alfajiri, viatu vya darasani ndani ya mfuko wa nailoni na raba za tope miguuni, na mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu kabla hajafika stejini. Lakini mwingine kati ya wale watano alikuwa akiishi mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Naibu wa mwalimu mkuu alipoliona hilo, akasema katika kikao: "Huyu si umbali unaomkimbiza. Tutafute ni nini."

Daftari

Alichofanya naibu kilikuwa kitu chepesi, na ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki. Alinunua daftari la kurasa 200, akaliweka mezani kwenye chumba cha walimu, akawaomba wote, wa TSC, wanagenzi waliobaki na wa BOM, kwamba kwa wiki mbili kila mwalimu aandike jambo lolote lililomtoa kwenye kufundisha, na limechukua muda gani. Hakuna kutaja jina la mtoto. Hakuna kutia sahihi. Na daftari halitafika ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka wiki mbili ziishe.

Siku tatu za kwanza liliandikwa mistari minne. Walimu walidhani ni aina nyingine ya tathmini ya kazi, na fomu za tathmini zilikuwa zimewachosha. Siku ya nne mwalimu mmoja mzee, anayeheshimiwa na wote, alikaa akaandika ukurasa mzima mbele ya wenzake. Baada ya hapo kalamu haikutulia. Nanukuu machache kwa ruhusa yao:

"Jumanne, saa nne na robo. Mtoto amelala juu ya dawati. Nimemgusa, ameamka akilia. Hajala tangu jana mchana. Nimempa chai yangu na andazi. Dakika 15."

"Jumanne, saa tano. Mama amekuja mlangoni mwa darasa na kijikaratasi cha zahanati, anataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hajui aanzie wapi. Cha kwanza kilienda na maji. Nimemchorea njia ya kwa chifu. Dakika 20."

"Jumatano. Nimelipia sahani saba. Shilingi 35."

"Alhamisi. Msichana wa Gredi ya 6 amenieleza jambo la nyumbani kwao. Siwezi kuliandika hapa. Sikuweza kufundisha kipindi kilichofuata."

Sahani hizo ni za Dishi na County, mpango wa chakula ulioanzishwa na kaunti mwaka 2023. Mtoto huvaa bangili ya kielektroniki mkononi, mzazi huweka pesa kwa simu, na sahani humgharimu shilingi 5. Ni mpango ulioshibisha watoto wengi na sitaki mtu aelewe vingine. Lakini mzazi aliyebomolewa nyumba hana hata hiyo tano, au bangili imepotelea kwenye maji, na mtoto amesimama pembeni ya foleni akimtazama mwalimu wake. Mwalimu gani atapita? Shilingi 35 kwa siku ni 175 kwa wiki, na wiki za muhula ni nyingi. Hakuna mwalimu aliyewahi kulitaja jambo hilo kikaoni. Lilijitokeza kwenye daftari mara kumi na tisa.

Wiki mbili zilipokwisha naibu alijumlisha. Vyeti na usajili, njaa, watoto waliohamishwa na maji au matingatinga, na mashauri ya nyumbani vilichukua karibu kila ukurasa. Nauli na nyumba za walimu wenyewe hazikufika kurasa tatu. Ndipo ikaeleweka. Kila mwalimu alikuwa amegeuka karani, mpishi, afisa wa watoto na mshauri, kila mmoja kivyake darasani mwake, akidhani ni yeye peke yake. Yule wa dakika kumi na mbili alikuwa ndiye mwalimu wa yule msichana wa Gredi ya 6.

Maamuzi ya kwanza, na kosa

Shule ilifanya mambo matatu haraka, na moja kati ya hayo lilikuwa kosa kubwa.

La kwanza ni kuondoa shughuli za wazazi milangoni mwa madarasa. Meza iliwekwa kando ya lango, wakaiita dawati la huduma. Ilishikwa na karani wa shule pamoja na mama mmoja mwakilishi wa wazazi, anayejua mtaa nyumba kwa nyumba na anayeaminiwa. Karani alikusanya majina ya wote wasio na vyeti vya kuzaliwa, na badala ya kila mama kwenda kivyake, walienda kwa chifu kwa makundi, kila mmoja na karatasi zake zimeshakaguliwa. Hili lilikuwa na faida kwa shule pia. Mtoto asiye na nambari ya cheti ilikuwa vigumu kumwingiza kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na fedha za mgao hufuata majina yaliyo kwenye mfumo. Shule ilikuwa ikiwalisha na kuwafundisha watoto ambao kwenye vitabu hawakuwepo.

La pili ni sahani. Bodi iliamua kwamba sehemu ya kodi inayolipwa na kanisa linalotumia ukumbi wa shule Jumapili iwe mfuko wa sahani. Mwalimu akimwona mtoto asiye na pesa, anaandika nambari ya bangili kwenye karatasi na kumpa mama wa dawati. Mfuko wake mwenyewe hauguswi.

La tatu, mashauri ya nyumbani yote yalikabidhiwa kwa mwalimu mmoja wa ushauri nasaha. Alikuwa na moyo, alikuwa na mafunzo, na wanafunzi walimpenda. Hakupunguziwa hata kipindi kimoja. Darasa lake la Gredi ya 5 lilibaki lake, zamu yake ilibaki yake, na juu yake wakaongeza mizigo ya nyumba zote za ng'ambo ya mto.

Nilikuwepo kikao kilipoamua hivyo na sikusema neno. Nilifurahi kuona jambo limepata mwenyewe. Mwenyewe huyo alikuwa mtu mmoja.

Katika muhula wa tatu alikuwa akipokea watoto wakati wa mapumziko, wakati wa chakula, na baada ya saa tisa u nusu. Simu yake ililia usiku. Siku moja nilimkuta saa kumi na moja jioni ameketi kwenye benchi la nje, kikombe cha chai kimeota utando, rundo la madaftari ya Gredi ya 5 kando yake halijafunguliwa. Nilimuuliza, "Mwalimu, leo umewasikiliza wangapi?" Akafikiri kidogo. "Tisa. Na wa tisa sikumsikia, nilikuwa namtazama tu."

Novemba aliomba uhamisho. Januari 2025 aliondoka.

Maamuzi ya pili

Kuondoka kwake kuliwauma, na kukawafundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Kikao cha Januari kilichukua saa tatu. Mwalimu mkuu alikiri waziwazi mbele ya walimu kwamba walimbebesha mwenzao kisha wakamsifu, na sifa ikamfunga asiseme amechoka. Kwa mwalimu mkuu kusema hivyo mbele ya walimu wadogo, kwa desturi zetu, si jambo dogo.

Waliunda kundi la watu watatu, mmoja wa msingi, mmoja wa sekondari msingi, na yule mwalimu mzee wa daftari. Kila mmoja aliondolewa vipindi vinne kwa wiki, na vipindi hivyo vikagawanywa kwa majina, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, ili kila mtu aone nani amebeba nini. Hilo liliwezekana kwa sababu masomo ya sekondari msingi yalikuwa yamepunguzwa mwaka uliotangulia kutoka 14 hadi 9, na kwa sababu Januari hiyo wanagenzi 46,000 nchini waliajiriwa kwa masharti ya kudumu. Wawili wa shule hii walikuwa kati yao. Nisiseme uongo: bila mambo hayo mawili, ambayo shule haikuyafanya, ratiba ile isingekaa.

Waliweka pia mpaka. Jambo la dhuluma au hatari kwa mtoto halikai kwa mwalimu hata siku moja. Linaenda kwa afisa wa watoto siku hiyohiyo, na kila mwalimu ana nambari 116 ya simu ya watoto, isiyotozwa pesa, imeandikwa nyuma ya rejista yake. Mwalimu anabaki kuwa mtu wa kumpokea mtoto asubuhi, si mpelelezi wala hakimu.

Uamuzi uliozua kelele zaidi ulikuwa wa vipindi vya alfajiri. Watoto wa madarasa ya juu walikuwa wakianza saa kumi na mbili na nusu, na wazazi walichanga kidogo kwa ajili hiyo. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa u nusu. Shule ikarudi kwenye kanuni. Wazazi kadhaa walilalamika kwamba watoto watabaki nyuma. Walimu watatu walinyamaza, na ukimya wao ulikuwa na maana, kwani ule mchango ulikuwa ndio nauli yao. Mmoja wao alikuja kuondoka baadaye na akaniambia sababu bila kuficha. Naona shule ilifanya sawa, lakini ingepaswa kuketi na hao watatu kabla ya kutangaza, si baada.

Na yule wa Kitengela? Alibadilishana na mwalimu wa shule nyingine ya kaunti ndogo, aliyekuwa akiishi karibu na shule hii na kufundisha karibu na stendi ya magari yaendayo Kitengela. Walimu wakuu wa shule zote mbili walikubali, ofisi ya kaunti ndogo ikaidhinisha. Ilichukua muhula mmoja na nusu, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na orodha ya walimu wanaotaka kubadilishana. Walimu wawili walikutana kwenye mazishi, wakaulizana.

Hali ilivyokuwa mwisho wa 2025

Katika wale watano wa Juni 2024, watatu wamebaki, akiwemo wa Gredi ya 6. Mmoja ni wa Kitengela aliyebadilishana, na mmoja amehamia kaunti ya nyumbani kwao, jambo ambalo hakuna dawati la kulizuia. Ukiongeza mwalimu wa ushauri nasaha na yule wa vipindi vya alfajiri, shule imepoteza wanne katika miezi kumi na minane. Hapo awali ilikuwa ikipoteza idadi kama hiyo kwa mwaka. Si muujiza, na sitauita hivyo.

Kilichobadilika zaidi ni watoto kuwepo. Rejista ya Gredi ya 3, ambayo wakati huo ilikuwa Gredi ya 4, ilikuwa na majina 79 na kwa kawaida walioitika hawakupungua 70. Watoto wote isipokuwa sita walikuwa na vyeti. Hao sita wazazi wao wenyewe hawana vitambulisho, na kesi zao bado ziko kwa chifu.

Ninavyokichambua

Daftari lilifaa kwa kuwa liliuliza muda, halikuuliza malalamiko. Ukimuuliza mwalimu wa Nairobi analalamikia nini, atakwambia mshahara, na ana haki. Ukimuuliza saa yake imeenda wapi, atakwambia habari za watoto. Shule haina uwezo juu ya jibu la kwanza. Juu ya jibu la pili inao. Na usiri ulilifanya liaminike. Kama naibu angelichukua siku ya pili kulisoma, lingekufa.

Dawati la huduma liliwasaidia walimu kuliko lilivyokusudiwa, na naona ni kwa sababu ya yule mama. Karani anajua fomu, mama anajua nyumba. Aliweza kusema, "Huyo mtoto msimtafute kwao, sasa analala kwa nyanya yake nyuma ya posho mili," na mwalimu akaacha kupoteza jioni akiulizia.

Kosa la kumbebesha mwalimu mmoja ushauri wote nimeliona katika shule nyingine nyingi tangu hapo. Huwa tunamtafuta mwenye moyo, tunampa kila kitu, na akianguka tunasema moyo ulikuwa mwepesi. Kama shule haiwezi kumpunguzia mtu vipindi, isimpe kazi hiyo. Afadhali mlango ufungwe na watoto waelekezwe kwa afisa wa watoto na kwa 116, kuliko kuwafungulia mlango wa mtu anayezama.

Mgawanyiko wa meza za chai haujaisha. Walimu wa BOM bado hulipwa kwa kuchelewa mgao unapochelewa, na bodi imeamua tu kwamba fedha zikiingia wao walipwe kabla ya ununuzi mwingine wowote. Mwalimu mmoja wa BOM aliniambia hilo lilimfanya ajione mwalimu kwa mara ya kwanza. Bado analipwa kidogo mno.

Udhaifu ninaouona mkubwa zaidi ni kwamba mama wa dawati hana mwajiri. Posho yake na mfuko wa sahani vinatoka kwenye kodi ya ukumbi. Kanisa limeanza kujenga jengo lake upande wa pili wa barabara, nguzo zimeshasimama. Bodi imeliweka jambo hilo kwenye ajenda ya muhula ujao, kipengele cha tatu, baada ya ukarabati wa vyoo.